Me Before You: Anayekufa Hapewi Sura

Riwaya ya Jojo Moyes, Me Before You, ilitoka mwaka 2012, ikauzwa mamilioni ya nakala, na mwaka 2016 ikatengenezwa filamu. Wengi wanaikumbuka kama hadithi ya mapenzi ya kuliza. Sawa, inaliza. Lakini ukiisoma kwa machozi peke yake utakuwa umeisoma nusu. Hii ni riwaya kuhusu sheria pia: nani anaruhusiwa kumsaidia mwenzake kufa, wapi, na nani anabaki na mzigo. Hoja yangu ni kwamba kwenye sheria Moyes amekuwa makini kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Alipoteleza ni kwenye usimulizi. (Kama hujaisoma na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa.)

Kwa ufupi: Louisa Clark, miaka 26, mtoto wa familia ya hali ya chini, anapoteza kazi ya mgahawani na kuajiriwa kumhudumia Will Traynor, miaka 35, tajiri aliyegongwa na pikipiki London na kupooza mikono na miguu. Will ameshajaribu kujiua. Amewapa wazazi wake miezi sita, kisha wampeleke Uswisi, kwenye shirika la Dignitas, akafe. Lou anapogundua, anaanza mbio za kumbadilisha mawazo. Anashindwa.

Kwa nini Uswisi? Hapa tutenganishe mambo ambayo kwenye mazungumzo yetu yanachanganywa kila siku. Daktari akimpa mgonjwa dawa ya kumuua kwa ombi lake, hiyo ni yuthanasia yenyewe. Uholanzi na Ubelgiji ziliihalalisha mwaka 2002 kwa masharti. Mgonjwa akipewa dawa na kuitumia mwenyewe, huko ni kusaidiwa kujiua. Uswisi haimwadhibu msaidizi asiye na nia ya kujinufaisha, na kifungu hicho kimo kwenye sheria yao ya jinai tangu 1942. Tatu, kuna kukataa au kusitisha matibabu na kuuacha ugonjwa ufanye yake.

England iliweka mstari mkali kati ya hilo la tatu na mawili ya kwanza. Mwaka 2002 mahakama ilimruhusu mwanamke aliyepooza kuanzia shingoni, anayejulikana kama Bi B, azimiwe mashine ya kupumulia. Mwaka huohuo Diane Pretty, aliyekuwa na ugonjwa wa neva usiotibika, alishindwa kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alitaka mumewe asishtakiwe akimsaidia kufa. Wanawake wawili, miili isiyowatii, majibu mawili. Mmoja alikuwa na mashine ya kuzima, mwingine hakuwa nayo. Will yuko upande wa Diane: anapumua mwenyewe, na msaidizi wake anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Na hiyo miezi sita ina kejeli yake. Jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ilianza kutumika 1997, humruhusu mgonjwa ambaye madaktari wanaona hatavuka miezi sita. Muswada ambao wabunge wa Uingereza waliupitisha Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, nao umetumia kipimo hichohicho. Will hangefuzu popote kati ya hapo, kwa kuwa hafi. Anaweza kuishi miaka mingi, na hiyo miaka ndiyo anayoikataa. Moyes alichagua kesi ngumu kuliko zote, na hakumtafutia muujiza wa kumwokoa. Nampa heshima yake kwa hilo.

Ukurasa bora wa kitabu, kwangu mimi, hauna mapenzi hata chembe. Baada ya Lou kulala kitandani kando ya Will kule Uswisi, sura inakatika na tunakutana na waraka wa waendesha mashtaka: polisi wamewahoji wahusika, inashauriwa familia isishtakiwe. Basi. Mama yake Will ni hakimu. Maisha yake yote amehukumu wengine, sasa faili ni la nyumba yake. Lugha kavu ya ofisi inaumiza kuliko busu lolote lililotangulia.

Sasa kasoro. Lou anasimulia karibu kitabu kizima. Katikati wanapewa sura moja moja mama, baba, muuguzi Nathan na Treena, dada yake Lou. Will hana hata sura moja. Mtu anayedai kwamba uamuzi ni wake peke yake, riwaya, ukitoa dibaji, inamtazama kwa macho ya wengine mpaka mwisho. Sauti yake peke yake tunaisikia kwenye barua inayosomwa akiwa marehemu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Moyes ametusimamisha mlangoni mwa chumba, kunguni tunasimuliwa.

Matokeo yake yalionekana London mwaka 2016, filamu ilipozinduliwa: watu wenye ulemavu waliandamana wakisema inauambia ulimwengu kwamba heri kufa kuliko kuishi kama wao. Nadhani kitabu kinastahili utetezi kidogo. Lou anaingia mtandaoni na kukutana na watu waliopooza wanaoendelea na maisha, wanaompa ushauri na utani. Wamo. Tatizo, wamebaki maandishi kwenye kompyuta, bila sura wala nyumba. Angemleta mmoja sebuleni abishane na Will uso kwa uso, kifo cha Will kingekuwa uamuzi wa mtu mmoja. Kwa vile hayupo, kinasomeka kama hukumu ya wote.

Msomaji wa Dar au Mombasa anaweza kusema haya ni ya Wazungu wenye nauli ya kwenda Uswisi. Ni kweli kwamba Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya zinamtishia anayemsaidia mtu kujiua kwa kifungo cha maisha. Lakini fedha za matibabu zikiisha na ndugu wakasema "tumrudishe nyumbani akapumzike," tumefanya nini? Uamuzi umepita, na mara nyingi mgonjwa hajaulizwa. Pale kwa Will fedha zipo na sauti yake imefichwa. Kwetu vyote viwili vinaweza kukosekana. Ndiyo maana nasema kisomwe, na ukikisoma, kila sura jiulize: Will angeisimuliaje hii?