Hongo Hakuchongwa: Kuisoma Upya Kinjeketile

Wahakiki wengi wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, hukimbilia dhamira ya umoja. Maji yaliyaunganisha makabila dhidi ya Mjerumani, basi, mjadala umefungwa. Lakini hebu tujiulize: Hongo mwenyewe, pepo wa majini, ana nafasi gani? Ni pambo la fani tu?

Tuazime wazo kutoka mbali kidogo. Sanamu nyingi za mahekalu ya Kihindu huchongwa na fundi, kisha makuhani huziombea ili mungu akae humo. Ila yapo maumbo ambayo hayakuchongwa na mtu. Nguzo ya barafu katika pango la Amarnath, Kashmir, huabudiwa kama Shiva. Mawe ya shaligram ya mto Gandaki, Nepal, ni Vishnu bila hata kuwekwa wakfu. Maumbo ya namna hii huitwa swayambu, yaani yaliyojidhihirisha yenyewe.

Sasa turudi Rufiji. Wazee walisimulia kwamba Kinjikitile wa historia alichukuliwa na Hongo, akazama bwawani huko Ngarambe, na kesho yake akatoka na nguo kavu. Ushahidi wa kwanza, basi, ulikuwa maji yenyewe. Hussein, aliyesema wazi kuwa shujaa wake si yule wa historia, anakitumia kisa hiki pamoja na mwiba wake: akiwa amepagawa, Kinjeketile anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka, anashtuka. Jamani, watoke kwa Mjerumani ili waingie kwa Sultani wa Unguja?

Kwa maoni yetu, nguvu ya tamthilia iko hapa. Neno lililojidhihirisha lenyewe halimtii hata aliyelileta. Angekuwa amelichonga yeye, angelirekebisha. Wachongaji ni watu: yeye anasema wangoje, wao hawana subira, wanayategemea maji kuwa kinga ya risasi, wanavamia, wanakufa.

Mwishoni anatakiwa akane, aseme maji ni uongo. Anakataa, ingawa shaka imekwisha kumla. Akikana, wajukuu wataambiwa babu zao walipigania upuuzi. Hivyo anachokifia si neno la Hongo, bali kile walichokichonga watu kutokana nalo. Umoja tunaousifu darasani ndio huo, nao una gharama.

Kasoro tunayoiona ni kwamba jukwaani Hongo anabaki sauti tu katika mwili wa mtu mmoja, na msomaji asiyeijua Rufiji anaweza kudhani ni wazimu. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, kando ya delta, Agosti 4, 1905. Leo msafiri wa Ikwiriri kwenda kusini anauvuka mto kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na chini yake maji yanapita. Mhakiki anayeusahau mto huo amehakiki nusu ya tamthilia.