Mtumwa wa Bwana: Lugha ya Kujitoa kwa Mungu katika Biblia ya Kiswahili

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Tafsiri ya Umoja, akifungua Waraka kwa Warumi hukutana mara moja na maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja. Paulo anajitambulisha kuwa mtumwa, kisha, kabla sentensi haijafika mbali, anajiita mtume. Yote mawili ni ya kutuma. Mtume ni mjumbe aliyepewa neno la kupeleka; mtumwa, kwa umbo lake la kutendwa, ni yule anayetumwa tu, awe amepewa neno au amepewa mzigo. Kiyunani hakina ulinganifu huo, kwa maana maneno yake mawili hapo hayana undugu wowote. Huu ni utajiri ambao Kiswahili kimeuongeza chenyewe, nao unaeleza fundisho la Kikristo la kujitoa kwa Mungu kwa moyo wote kuliko mahubiri mengi marefu: hatumwi kwa heshima ila aliyekwisha kukubali kutumwa bila heshima.

Hata hivyo neno hili mtumwa limekuwa likiondolewa polepole. Biblia ya Habari Njema, iliyotoka kamili katika miaka ya 1990, imeweka mtumishi katika aya hiyo hiyo, na vivyo hivyo katika jibu la Mariamu kwa malaika, Luka 1:38. Sababu yaweza kukisiwa bila taabu. Mtumishi ni neno la adabu. Linafaa kanisani, linafaa ofisini, wala halimkumbushi mtu soko la Unguja. Lakini mtumishi wa leo ana mshahara, ana likizo, na akichoka aweza kuandika barua ya kuacha kazi. Watumishi wa serikali wana chama cha kuwatetea. Hayo yote ni mema, ila si habari aliyoitaka Paulo, ambaye alikuwa akisema kwamba hana tena saa iliyo yake wala mwili ulio wake. Kwa neno mtumishi, kujitoa kunapungua na kuwa ajira.

Upande wa pili wa hoja una uzito mkubwa, na haufai kupitwa mbio. Kiswahili si lugha iliyousoma utumwa vitabuni. Kilikuwa na neno kwa kila daraja la hali hiyo: mateka, mjinga aliyeletwa karibuni asiyejua lugha, mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, mtwana, mjakazi, mtoro. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana chini ya Askofu Steere, ambaye ndiye aliyefasiri sehemu kubwa ya Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Mnamo 1875 ukaanzishwa mji wa mahuru wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako jina la Kengeleni bado linaikumbuka kengele yake. Rabai nako watoro walikimbilia misheni, na mwishoni mwa miaka ya 1880 zaidi ya 1,000 kati yao walikombolewa kwa fedha zilizolipwa mabwana zao. Katika pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1907. Basi waumini wengi wa kwanza wa makanisa hayo walikuwa ni watu ambao kwao mtumwa halikuwa sitiari. Kumwambia mtoro wa Rabai kwamba sasa awe mtumwa wa bwana mwingine, hata kama Bwana huyo yuko mbinguni, lilikuwa ni jambo zito.

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934), hakina budi kusomwa katika mazingira hayo. Wahakiki wamekilaumu, na kwa haki, kwa sifa zinazomiminiwa Waingereza. Lakini kuna suala la lugha ambalo lawama hiyo imeliziba. Katika jamii ya Freretown, kitenzi okoa kilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: mtu aliokolewa na manowari baharini, na mtu aliokolewa na Kristo. Yule aliyetolewa jahazini hakuombwa ridhaa yake alipotekwa, wala hakuombwa alipookolewa. Hatari ya kuchanganya wokovu huo na ule ilikuwa dhahiri, kwani mwenye shukrani kwa manowari aliweza kudhani kwamba utii anaodaiwa na msimamizi wa misheni ndio utii anaodaiwa na Mungu. Hapa ndipo lilipo dai zito kabisa dhidi ya neno mtumwa. Linaweza kutumiwa na mwanadamu anayejipendelea ubwana.

Dai hilo ni la kweli, lakini linamhusu mhubiri zaidi ya mfasiri. Paulo mwenyewe, katika Warumi 6:19, anakiri kwamba anasema kwa namna ya kibinadamu kwa sababu ya udhaifu wa wasikilizaji wake. Yaani alijua kwamba mfano wake unauma. Hakuuondoa. Waliomsikiliza Rumi walikuwa na watumwa miongoni mwao kama Rabai ilivyokuwa nao. Tena Torati ilikuwa imekwisha kuweka tofauti inayohitajika: katika Kutoka 21 mtumwa aliyetimiza miaka sita na kupata ruhusa ya kwenda huru, akisema kwamba anampenda bwana wake, hutobolewa sikio mlangoni naye hutumika daima. Amekwisha kuwa huru, ndipo anakataa kwenda. Utumwa huo ni wa mtu mwenye mahali pengine pa kwenda, na ndio pekee unaoweza kuitwa kujitoa. Mtoro wa Rabai, akiwa na hati yake mkononi, ndiye aliyeweza kuielewa sura hiyo kuliko mfasiri yeyote.

Tafsiri ya Umoja nayo haikukaa imara katika jambo hili. Katika Luka 1:38 Mariamu ni mtumwa wa Bwana. Aya kumi mbele, katika wimbo wake, ni mjakazi, ingawa Kiyunani kimetumia neno moja. Kosa? Kwa kipimo cha ulinganifu, ndiyo. Lakini kwa sikio la pwani, mjakazi linashuka chini zaidi. Ni mja pamoja na ile -kazi ya kike inayoonekana pia katika mkazamwana, si kazi ya mikono kama wengi wanavyodhani. Na mja katika tenzi za Waislamu ndiye kila mwanadamu mbele ya Muumba wake. Katika neno hilo mwanamke wa daraja la chini kabisa nyumbani na kiumbe mbele ya Mungu wamekuwa kitu kimoja. Mfasiri, kwa kusudi au bila kusudi, ameupata wimbo wenyewe.

Maneno mengine yanayotumiwa mahali pa mtumwa hayastahimili sana. Kujitoa, ambalo ndilo limeenea makanisani, lina nyuso mbili: aliyejitoa kwa Mungu amejikabidhi, aliyejitoa chamani ameondoka. Kujitolea kumechukuliwa na Harambee na kazi za hiari, ambapo mtu hutoa alichonacho cha ziada. Kusalimu amri ni lugha ya vita, na aliyeshindwa husalimu kwa sababu risasi zimemwishia. La nguvu zaidi ni wakfu, lililoazimwa kutoka sheria ya Kiislamu. Mali ya wakfu, kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani, haiuzwi, hairithiwi, wala aliyeitoa hawezi kuirudisha mkononi mwake. Kuweka wakfu maisha ni kauli iliyokamilika, ila ina upungufu mmoja: nyumba ya wakfu haina hiari, nayo haimpendi mtu.

Inabaki Yohana 15:15, ambapo Yesu anawaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki. Aya hiyo hupimwa kwa urefu wa ngazi inayopandwa. Kutoka mtumwa hadi rafiki ni safari ambayo watu wa Freretown waliweza kuihesabu kwa hatua, kwa kuwa walijua bwana hamwelezi mtumwa mambo yake. Kutoka mtumishi hadi rafiki ni hatua fupi. Mabwana wengi wenye tabia njema hufika hapo bila Injili. Mfasiri anayelainisha Warumi na Luka kwa ajili ya kumwonea haya msomaji, hana budi kuulizwa ni kutoka wapi wanafunzi hawa wanainuliwa atakapofika katika aya hii.