Sauti na Shahidi Wake katika Fasihi ya Awali ya Marekani

Fasihi ya awali ya Marekani husifiwa kwa wingi wa sauti zake. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini yaficha jambo moja: si kila sauti iliyoaminiwa kwa neno lake. Nyingine zilitakiwa kwanza kuleta shahidi.

Mwaka 1650 mashairi ya Anne Bradstreet wa Massachusetts yalipigwa chapa London. Shemeji yake, John Woodbridge, aliyeyapeleka huko, aliandika dibaji ya kuwahakikishia wasomaji kwamba mtungaji ni mwanamke kweli. Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston mtumwa kutoka Afrika ya Magharibi mwaka 1761 angali mtoto, alitakiwa zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1773 kilitolewa na hati ya watu 18 wa cheo wa Boston, gavana Thomas Hutchinson miongoni mwao, kushuhudia kwamba mashairi ni yake. Hata hivyo Thomas Jefferson aliandika baadaye kuwa hayastahili hata kuhakikiwa, na wengine wakamwita mwigaji wa Alexander Pope.

Hukumu hiyo ya uigaji yataka kupimwa upya. Mtu aliyelelewa katika vina na mizani hatakubali kwa wepesi kwamba kufuata kanuni ni kukosa sauti. Malenga hupimwa kwa alisemalo ndani ya kanuni. Katika shairi alilomwandikia Lordi Dartmouth, Wheatley aeleza kuwa mapenzi yake ya uhuru yalitokana na kunyakuliwa kwake Afrika, na ataja majonzi ya baba yake. Umbo la shairi ni la Pope. Majonzi si ya Pope.

Samson Occom, mhubiri wa kabila la Mohegan, apatikana na fundisho jingine. Hotuba yake ya mwaka 1772, aliponyongwa Moses Paul, ilipigwa chapa mara nyingi. Lakini habari za maisha yake alizoziandika mwaka 1768, akilalamika kwamba misheni nyingine ilipewa kwa mwaka mmoja kiasi alicholipwa yeye kwa miaka 12, zilikaa zaidi ya miaka 200 bila kuchapwa. Mahubiri yalipata wachapaji. Malalamiko hayakupata shahidi.

Basi kuzihesabu sauti hakutoshi. Mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ndiye mwenye maneno yake. Benjamin Franklin alipoanza kuandika habari za maisha yake mwaka 1771, hakuna aliyemdai hati.