Pongezi kwa Wakaguzi wa Msimbo

Mkulima wa Njoro anapopokea malipo ya viazi kwa simu ya Android, chini ya programu ya malipo kuna Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Ndani yake mna kigawaji cha kumbukumbu: sehemu za kiini huomba nafasi, huitumia, kisha huirudisha.

Kabla badiliko la kigawaji hicho halijapokelewa, wakaguzi huusoma msimbo mstari kwa mstari. Je, nafasi iliyorudishwa yaweza kuguswa tena? Ikirudishwa mara mbili? Prosesa mbili zikiomba kwa pamoja, kufuli iko wapi? Kosa moja hapa huweza kuangusha mashine nzima, au kumfungulia mwizi mlango. Mkaguzi akiridhika, jina lake huandikwa pamoja na badiliko na kubaki katika historia ya mradi. Huo ni uwajibikaji wa kweli.

Na wakaguzi hawa wana subira! Kigawaji cha SLUB kiliingia mwaka 2007. SLAB, kilichokitangulia, hakikuondolewa hadi mwaka 2024, katika toleo la 6.8 la Linux.

Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Egerton, msimbo huu uko wazi kwa wote. Usomeni, mjiunge na wakaguzi hao.