Akili Iliyofichwa Katika Fundo

Mzee mmoja wa Maryland, Marekani, alibana ndoano kwenye jiliwa, kisha akaanza kuchambua manyoya ya shingo ya jogoo mweupe. Unyoya uliolegea aliutupa. Uliopinda kushoto aliutafutia mwenzake wa kulia. Hakuwa na haraka. Nilipomtazama niliona kwamba ufundi una adabu yake, na adabu hiyo siku hizi ni adimu.

Alikuwa akifunga Lefty's Deceiver, chambo cha manyoya alichobuni mvuvi Lefty Kreh mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya samaki wa milia wa Ghuba ya Chesapeake. Mwaka 1991 Marekani ilikitolea stempu ya posta. Kilistahili. Kreh alitaka kitu kinene majini na chembamba hewani. Basi manyoya akayafunga nyuma kabisa, pale ndoano inapoanza kupinda, ili yasijizonge mshipi unaporushwa. Mbele akazungushia singa za mkia wa kulungu. Kikiwa majini, manyoya hufumbuka na kufumba kama kifua cha kiumbe anayepumua. Ukikinyanyua, maji huchuruzika, manyoya hushikana, na upepo hukosa pa kukamata. Yote hayo yametokana na kuchagua mahali pa kupiga fundo! Aliyepachagua alikuwa amewatazama samaki kwa muda mrefu kabla hajagusa uzi.

Mvuvi mwingine, Bob Clouser, naye aliwatazama samaki, kwenye Mto Susquehanna unaomwaga maji yake katika ghuba hiyohiyo. Katika miaka ya 1980 alifunga macho mazito ya risasi upande wa juu wa ndoano. Uzito ukaipindua, ncha ikaelekea juu, ikaacha kunasa kwenye mawe ya chini. Chambo hicho cha mtoni kikaingia baharini, na leo kinarushiwa hata kolekole wa Bahari ya Hindi.

Siku hizi wengi hununua chambo kilichokwisha kufungwa. Nchini Kenya wapo mafundi wanaokifunga kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani, na mikono yao ni hodari. Riziki yao ni halali na kazi yao ni safi. Uchungu wangu ni juu ya uzi uliokatika kati ya mkono na maji. Zamani aliyepoteza samaki alirudi mezani jioni, akapunguza singa, akarefusha unyoya, kesho akajaribu tena. Kila chambo kilibeba alichojifunza jana. Sasa anayefunga hamwoni samaki, anayevua halijui fundo, na chambo kikikataliwa majini mtu anafungua pakiti nyingine bila hata kujiuliza samaki amekataa nini.