Maoni Yenye Mahali Ndani ya Picha

Picha ya jahazi linalorudi Mji Mkongwe jua likizama haikosi wa kuisifu. Mpiga picha wa ridhaa akiionyesha ataambiwa ni nzuri sana, ni kali, hongera. Akiangukia kwa mkosoaji mkali ataambiwa haina mvuto, rangi zimezidi, bado ajifunze. Kauli hizi zinaonekana kupingana, kumbe zina kasoro moja: hakuna hata moja inayoonyesha ni wapi ndani ya picha jambo hilo limetokea. Aliyesifiwa hajui arudie nini kesho, na aliyekosolewa hajui aache nini. Kwa hiyo upole au ukali wa maoni hautuambii kama yana thamani, wala umaarufu wa anayeyatoa hautuambii. Maoni bora yana mahali na yana jaribio: yanamwezesha mwenye picha kuweka kidole pale panaposemwa, kisha kubadili kitu kimoja na kuona mwenyewe kama picha imetengemaa.

Tuchukue jahazi hilo hilo. Omo imekaribia ukingo wa kulia, na nyuma ya tezi imebaki bahari tupu. Mtazamaji makini atasema kwamba jicho lake lilianzia kwenye tanga, likateremka na foromali hadi omo, kisha likagonga ukingo. Chombo hakina maji ya kwenda. Hilo linapimika papo hapo. Funika kwa karatasi sehemu ya bahari iliyo nyuma, uone kama uzito umesogea mbele. Pengine utasogea kidogo, lakini hakuna ukataji utakaoongeza maji mbele ya omo, na dawa ni kugeuza kamera mapema zaidi siku nyingine. Mtazamaji wa pili ataona bahari imeinama kushoto. Hiyo ni kazi ya kuizungusha picha kidogo tu. Wa tatu ataona mstari wa upeo umepita shingoni mwa nahodha kama kamba. Kasoro hii inatokana na urefu wa kamera: mpiga picha angepiga goti, upeo ungeshuka na kichwa kingesimama peke yake mbele ya mbingu. Maoni matatu, na kila moja lina dawa yake: moja la kurudi pwani, moja la dakika moja kwenye programu, moja la magoti. Mhakiki anayejua kazi yake hutenganisha dawa hizi, na huanza na mahali pa kusimama kabla ya kugusa rangi. Anayekimbilia rangi huku omo imebanwa ukingoni anapaka rangi nyumba iliyopinda.

Kanuni nazo zitazamwe kwa jicho hilo hilo. Kanuni ya theluthi, inayoigawa picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, imekuwa jibu rahisi la wasio na la kusema. Ukiambiwa mlima Kilimanjaro uliopigwa kutoka Amboseli usogezwe kwenye theluthi, uliza utapata nini ukiusogeza. Kama tembo wametapakaa pande zote mbili chini ya Kibo, kilele kilichokaa katikati kinawafunga pamoja, na kukisogeza ni kuvunja mizani iliyokuwapo. Kama tembo wote wako kushoto, hapo kanuni ina sababu. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alijulikana kwa kukataa kukata picha zake, lakini ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, ya mwaka 1932, aliikata. Kanuni yake mwenyewe ilipishana na haja ya picha, na haja ya picha ikashinda.

Kwenye uhariri mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hapo maoni yanahitaji ujuzi wa kitu kilichopigwa, mbali na ujuzi wa kamera. Tembo wa Tsavo ni wekundu kweli, maana hujimwagia udongo mwekundu wa huko. Mtu asiyelijua hilo ataapa kwamba rangi zimekolezwa. Vivyo hivyo, ushauri wa kusubiri mwanga laini wa jioni ndefu umeandikwa na watu wa nchi za kaskazini. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na dakika ishirini na kitu baada ya kuzama giza limekwishatanda. Mkosoaji wa rangi aulizwe kwanza kama anapafahamu mahali. Kisha aonyeshe ushahidi ndani ya picha: mstari mweupe uliozunguka kilele pale ukali ulipozidishwa, mawingu yaliyogeuka karatasi tupu isiyo na umbile, ngozi ya mvuvi iliyong'arishwa hadi ikapoteza weusi wake. Hili la mwisho ni kosa zito kuliko yote. Mchanga mweupe huidanganya kamera ipunguze mwanga, uso mweusi ukazama gizani, na anayeurekebisha kwa haraka humrudisha mtu mwingine kabisa. Faili nalo lina mipaka yake: picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Kumwambia aliyepiga kwa JPEG afufue vivuli vilivyokufa ni kumtuma kisima kikavu.

Wapo wanaosema uhariri wowote ni udanganyifu, kwa hiyo hauna haja ya kuhakikiwa. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, na kwa miaka mingi aliendelea kuichapa negativu ile ile, mbingu ikizidi kuwa nyeusi. Mwezi haukuhamishwa wala kanisa halikuhamishwa. Alichobadilisha ni uzito wa mwanga. Tofauti na hapo, mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima, na likalaumiwa kwa haki. Mstari upo, na mhakiki mzuri hutaja picha imesimama upande gani.

Hoja nzito zaidi ni kwamba uzuri uko machoni mwa mtazamaji, basi hakuna maoni bora kuliko mengine. Ni kweli watu wawili hawatapenda picha moja kwa kiasi kimoja. Lakini omo kugonga ukingo si suala la mapenzi. Waonyeshe watu watano bila kuwadokeza chochote, uwaulize macho yao yaliishia wapi. Wakikubaliana, una jambo la kurekebisha. Wakitofautiana, una ladha, na mwenye picha ana haki ya kufuata yake. Jaribio hilo pia linajibu dai kwamba ni mabingwa tu wanaofaa kuhakiki: muuza samaki hataitaja lenzi, lakini ataeleza kwa usahihi alichokiona kwanza. Na kuhusu kuwavunja moyo wanaoanza, kinachovunja moyo ni hukumu isiyo na dawa. Sifa nayo ina wajibu wa kutaja mahali: kumwambia mtu kwamba mwanga uliogusa ukingo wa tanga ndio ulioibeba picha kunamwachia kitu cha kukitafuta tena.

Mwenye picha naye asitume kitu kilichobanwa na WhatsApp kisha aulize kuhusu ukali. Atume kama hati, aambatanishe picha asilia kabla ya kuhariri, aseme alitaka nini kionekane. Nawe ukiletewa picha wiki hii, kabla ya kusema nzuri au mbaya, mwambie mwenyewe jicho lako lilitua wapi kwanza.