Kosa Moja la Aldair

Sisi mashabiki wa kandanda tuna kumbukumbu ya upendeleo. Mshambuliaji akikosa mabao matano akafunga moja, tunamkumbuka kwa lile alilofunga. Mlinzi akiokoa mara hamsini akakosea mara moja, tunamkumbuka kwa lile alilokosea. Nami nilikuwa mmoja wa mahakimu hao, ndiyo maana nataka kusema machache juu ya Aldair, beki wa kati wa Brazili.

Tarehe 21 Julai 1996, huko Miami, Brazili ilicheza na Japani katika michezo ya Olimpiki. Timu zilikuwa za vijana, lakini kila moja iliruhusiwa wachezaji watatu waliovuka umri. Brazili iliwachukua Bebeto, Rivaldo na Aldair. Kipindi cha pili mpira mrefu uliingia katika eneo la hatari. Aldair aliukimbilia, kipa Dida naye akautokea, wakagongana. Mpira ukabaki peke yake mbele ya goli tupu, Ito akausukuma ndani. Brazili ikalala kwa bao 1-0. Katika nusu fainali Nijeria ikawafunga 4-3, baada ya kuwa nyuma kwa 3-1. Sisi Waafrika tulishangilia hadi sauti zikakauka, na mimi nikatoa hukumu mbele ya wenzangu: "Yule Aldair amekwisha."

Hebu tumtazame mtu niliyemhukumu. Alizaliwa mwaka 1965 Ilhéus, katika jimbo la Bahia. Alitoka Flamengo akaenda Benfica, na mwaka 1990 akacheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, ambayo Milan ilishinda 1-0. Mwaka huo huo akaingia Roma, akakaa huko hadi 2003, mechi zaidi ya 400. Alipata ubingwa wa Italia mwaka 2001, na alipoondoka klabu iliiweka pembeni jezi namba 6. Haikuvaliwa tena mpaka 2013.

Kombe la Dunia la 1994 alilianza akiwa benchi. Katika mchezo wa kwanza dhidi ya Urusi, Ricardo Rocha aliumia, Aldair akaingia na hakutoka tena. Yeye na Márcio Santos walilinda lango hadi fainali. Katika michezo saba Brazili ilifungwa mabao matatu tu. Watu wanamsifu Romário kwa bao la kwanza walilowafunga Waholanzi kule Dallas, na anastahili. Lakini turudi nyuma kidogo: pasi ndefu iliyomfikia Bebeto upande wa kushoto, kabla ya Bebeto kuupiga mpira katikati, ilitoka kwa Aldair. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa beki wa kubutua. Aliunyang'anya mpira kwa utulivu, akainua kichwa, akautuma unakotakiwa.

Sisemi kwamba hakuwa na upungufu. Katika Kombe la Dunia la 1998 alikuwa na miaka 32 na kasi ilikuwa imepungua. Brazili ilifungwa mabao kumi katika michezo saba, matatu yakiwa katika fainali na Ufaransa, na mawili kati ya hayo Zidane aliyafunga kwa kichwa kutokana na kona. Mabeki wa kati hawawezi kukwepa lawama. Lakini Cafu na Roberto Carlos walikuwa wakipanda mbele mara kwa mara, na ule ukuta wa Mauro Silva na Dunga uliowakinga walinzi mwaka 1994 haukuwepo tena kama zamani. Mlinzi hapimwi peke yake. Ukitaka kumhukumu, tazama kwanza ni nani aliyesimama mbele yake na nani aliyeacha nafasi pembeni yake.

Jambo hili sikulijua mwaka 1996, nami nilikuwa nikifundisha timu ya vijana ya mtaani kwetu. Wiki chache baada ya Olimpiki, beki wangu mmoja aligongana na kipa wetu vile vile, tukafungwa, tukatolewa mashindanoni. Nilimwita "Aldair" mbele ya wenzake, wakacheka. Mchezo uliofuata sikumpanga. Uliofuata tena hakuja, wala sikumwona tena uwanjani. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Mimi niliacha mtoto wa watu.

Miaka mingi baadaye nilipeleka baiskeli kwa fundi, nikamkuta ndiye yeye, mtu mzima mwenye watoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Tuliongea habari za nyumbani, kisha akauliza huku akikaza mnyororo, bila hasira yoyote: "Mwalimu, hivi yule Aldair, baada ya lile kosa, walimtoa?"

Ilinibidi niseme kweli. Hawakumtoa. Alibaki katika timu ile ile ya Olimpiki, ikapata medali ya shaba kwa kuwafunga Wareno 5-0. Mwaka uliofuata alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini, na mwaka 1998 akasimama katika fainali ya dunia.

Fundi alitikisa kichwa, akaizungusha pedeli kuijaribu. "Basi walikuwa na mwalimu," akasema.

Nililipa, nikaondoka nikiikokota baiskeli, ingawa ilikuwa imekwisha kupona.